Alhamisi ya Shali za Njano

"Usicheke. Hilo tu. Mengine yote nitakusamehe."

"Na akinichekesha?"

"Meza. Yule wa mwezi uliopita ulimcheka mpaka nyani wakashuka mtini. Ukoo mzima ukakimbia."

"Nyani walikuwa na shida zao, mama."

"Kundan, funga kifungo."

Kundan akafunga. Walikuwa wanapanda njia ya msituni juu ya mji wa Ranikhet, milimani India, mama mbele, mwana nyuma. Mierezi ilikuwa kimya, ndege kimya. Kelele zote zilikuwa zao wawili.

Huku mambo ya kuoana huanza na uongo ambao kila mtu kaukubali. Watu wa kijana wanapandia huku, watu wa msichana wanatokea kule, wanagongana katikati. Jamani, na nyie mpo! Wazee wanabaki kusifia hewa, vijana wanatangulia kidogo. Jina haliulizwi, ukoo hautajwi, hiyo ni ya nyumbani baadaye, wakishakubaliana. Wakishindwana, hakuna aliyekataliwa. Watu walikuwa matembezini tu.

Kundan alishatembea hivyo na wasichana mpaka mawe ya njia yanamjua. Leo mama yake kaapa: ikishindikana, anamchagulia mke mwenyewe na Kundan atamwona siku ya harusi.

"Nitamjuaje?"

"Shali ya njano. Yuko na shangazi yake."

"Na picha?"

"Picha wameipaka poda mpaka pua imepotea. Shali ya njano, saa ile aliyotupa mpiga falaki. Tembea."

Kwenye kona, chini ya mti wa maua mekundu, walikuwa wamekaa mama mmoja mnene na msichana wa shali ya njano. Kundan akasahau kuvuta pumzi.

"Jamani, na nyie mpo!" mama yake akaimba.

Yule mama mnene akakunja macho, akanyoosha shingo kama anatafuta wengine nyuma yao. "Leo mko wawili tu? Miwani yangu sijui nimeiacha wapi."

"Baba yake goti linamsumbua."

"Lo, pole yake. Na hewa ya leo..."

"Shangazi, hewa nzuri sana," msichana akamkatiza, kashasimama. "Sisi tunatangulia."

Alikuwa na mwendo wa mtu aliyechelewa basi. Kundan alimkuta mbele, anahema.

"Unafanya kazi gani?" msichana akauliza.

"Kiwanda cha jemu. Nikirudi nyumbani nyuki wananisindikiza."

"Mimi nafundisha hesabu watoto wadogo. Wananiogopa."

"Hata mimi nakuogopa."

"Vizuri."

Wakapishana na familia moja, msichana wao kavaa njano. Mbele kidogo nyingine, njano tena, kijana wao kajipaka mafuta kichwa kizima.

"Leo msitu umechanua," Kundan akasema.

"Si Alhamisi, siku ya kuvaa njano? Ulitaka wavae rangi gani? Na mpiga falaki mji mzima ni yule yule wa hekaluni, wote kawapa saa ile ile."

Mbele yao alisimama kijana wa koti la kijivu na wazazi wake, anatazama saa, anatazama njia. Msichana akajifunika shali mpaka puani, akahamia upande wa pili wa Kundan. Walipompita akashusha.

"Baridi?" Kundan akauliza.

"Imeisha. Mama yako kakukataza nini leo?"

"Kucheka. Wewe je?"

"Kuuliza maswali. Hebu cheka kidogo nione ubaya wake."

"Hapana. Utakimbia."

"Nimeonekana mtu wa kukimbia?"

Basi Kundan akacheka. Kicheko kilianza kidogo puani, kikashuka tumboni, kikatoka kama punda aliyeona majani. Nyani wa uso mweusi wakaruka matawi yote kwa pamoja, mmoja akamdondoshea Kundan tawi begani. Msichana akamtazama, akalitazama tawi, akashika mti. Na yeye akaanza. Chake kilikuwa cha kwikwi, kibaya kuliko cha Kundan, kisicho na breki. Wakakaa chini kwenye majani makavu, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza upya, machozi yanawatoka.

"Ukinikataa," Kundan akasema alipopata pumzi, "nitaozeshwa mtu nisiyemjua."

Msichana akaacha kucheka. Akamtoa jani kwenye nywele.

"Twende kwa wazee," akasema.

Waliporudi, wale mama wawili walikuwa wameshika mikono kama ndugu. Mama yake Kundan alivyomwona mwanawe uso umemwiva hivyo, akaelewa, akaanza kulia kwa furaha. Simu yake ikalia. Akapokea huku anajifuta.

"Eh? Barabara imeanguka? Tangu asubuhi mko ndani ya gari?" Akashusha simu polepole. "Kundan. Hawa kwenye simu ni watu wa msichana. Hawajafika."

"Watu wa msichana yupi?" shangazi akauliza. "Kwani nyie si watu wa benki?"

"Benki gani, dada? Huyu anapika jemu."

Kundan akamgeukia msichana kumwomba radhi.

"Mungu wangu," shangazi akasema. "Sasa kijana wetu wa benki yuko wapi?"

"Tumempita pale mbele, shangazi, na koti lake la kijivu kama kwenye picha," msichana akasema. "Wakati wa kupanda pia, mimi na wewe tulimpita. Miwani yako ninayo mimi."

Akaitoa, akamvisha shangazi yake taratibu.

"Naitwa Hemlata," akamwambia Kundan, pale pale njiani, mbele ya wazee. Kisha akageuka, akashuka zake.