Reli Iliyorudi kwa Mkokoteni

"Kazi ya mkono wangu hairudi," Fundi Kahemele alikuwa akimtambia mteja aliyekuja kuchukua geti lake jipya, na kabla hajameza mate kazi ikarudi, tena kwa mkokoteni. Ilikuwa reli ya ngazi, imekatika kwenye kiungo. Nyuma yake alikuja Bi Siwatu, bila salamu.

"Mama yangu kaishika hii, kaanguka nayo. Nyonga imevunjika, hanyanyuki. Hospitali utalipa wewe, fundi."

Kahemele akanyoosha kidole kwenye kibao kipya juu ya mlango. "Pole sana, dada yangu. Ila hiyo aliichomelea Kahemele. Hapa sasa ni kampuni, haijaota hata meno. Kichanga kinashitakiwaje kwa makosa ya babu yake?"

"Na wewe ni nani?"

"Mimi mkurugenzi."

"Kahemele yuko wapi?"

"Huyo alishafunga biashara."

Mteja akacheka mpaka akashika tumbo. Bi Siwatu hakucheka. Alitoa ufunguo, akakwangua rangi pale reli ilipokatikia. Chini yake hapakuwa na chuma kilichoungana. Palikuwa na gundi iliyochanganywa na unga wa chuma, ikamdondokea kiganjani kama makombo ya mkate.

"Huyo Kahemele naye alikuwa na mambo!" fundi akasema, akigeuka kutafuta wa kucheka naye.

Hakumpata. Mteja alikuwa amechuchumaa kando ya geti lake jipya, ukucha wake ukikwangua rangi taratibu.