Galih na Kamba ya Bendera

Simu yangu ilionyesha kwamba Galih wa darasa la tano anajibu maswali ya hesabu sasa hivi, na swali la nne amelipata.

Galih mwenyewe alikuwa mbele yangu, kamba mikononi, anapandisha bendera ya Jumatatu. Shule nzima ilisimama wima ikiimba wimbo wa taifa.

Nilitumwa kutoka jijini Surabaya kupima kama programu ya masomo inatumika kweli. Shule isiyoitumia hunyang'anywa vishikwambi.

Swali la tano, amelipata.

Mwalimu wake, aliyesimama ubavuni mwangu, aliichungulia simu. Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni, na hakuthubutu kulifuta.

"Ni mume wangu, yuko nyumbani," alinong'ona. "Nilimwambia aanze kuwajibia saa moja kila siku. Hii bendera ya Jumatatu nikaisahau."

"Yaani mimi mnanifanya mjinga?"

"Dada, watoto wanasoma hadithi kwenye vishikwambi kutwa nzima. Programu yenu inahesabu maswali tu. Mkivichukua, hawa watasoma nini?"

"Nyamaza. Bendera haijafika juu."

Kamba ililia kwenye mlingoti. Galih aliivuta taratibu, ulimi nje kwa umakini.

Wimbo ukaisha. Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti, uso umechanua. "Sasa mgeni wetu atutajie darasa linaloongoza kwenye programu!"

Nikasogea mbele. Simu ikatetemeka kiganjani: Galih amemaliza yote.

Darasa la tano wakaanza kupiga makofi kabla sijafungua mdomo.