Punje Mbili Nyeupe

Mkono wa muuguzi uliitikisa chupa kabla akili haijamkumbusha. Mara tatu, kwa nguvu, kama ulivyozitikisa chupa za dawa kwa miaka ishirini.

Kwenye lebo mfamasia alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Usitikise.

Ndani ya dawa hii mlikuwa na chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zilizotengenezwa ili ziipeleke moja kwa moja kwenye makovu ya mapafu. Zikitikiswa, zinagandana. Chupa nyingine ingefika baada ya wiki sita, na daktari alishasema mapafu ya mgonjwa wake hayana wiki sita.

Muuguzi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Punje mbili nyeupe zilikuwa zinatua chini, taratibu.

"Mbona unaichambua kama mchele, mwanangu?" mzee aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa fundi wa kuchonga mawe, na vumbi la mawe ndilo lililomla mapafu. Mkono wa shati alishaukunja mwenyewe tangu asubuhi, tayari kwa sindano.

"Naangalia tu, baba."

"Hebu nami nione."

Angeweza kukataa. Akampa.

Mzee aliisogeza chupa karibu na jicho, lile jicho lililozoea kutafuta ufa kwenye jiwe.

"Changarawe," alisema. Akauteremsha mkono wa shati, akahangaika na kifungo mpaka kikaingia. "Wameitengeneza vibaya huko kiwandani. Usilie. Wewe huna kosa."