Vidonge vya Jirani

Msengi aliteremka ngazi kumi hadi duka la dawa lililokuwa chini ya usawa wa barabara, akavimwaga vidonge mezani: vyeupe alivyoandikiwa na daktari, na vya rangi mbili alivyogawiwa na jirani. Mtaani kwao dawa iliyomfaa mmoja huonjwa na wote.

"Vyote ni vya kiungulia," alimwambia dada muuza dawa. "Niambie vipi vina nguvu zaidi. Nimemeza hivi, nimemeza na vile, na moto wa kifuani hauzimiki."

Dada alivisukuma kando bila kuvitazama.

"Huo moto huja ukishakula, baba?"

"Hata nikifunga huja. Nikipanda kilima cha shambani."

"Na ukisimama?"

"Hutulia."

"Huishia kifuani?"

Msengi alitaka kusema ndiyo. Ndipo alipouona mkono wake wa kulia ukiukanda wa kushoto, kama ulivyofanya wiki nzima bila yeye kuuagiza.

Dada alimsogezea kiti, akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Keti, baba. Huenda huo ni moyo, si kiungulia. Usiinuke mpaka wafike."

Msengi aliketi, akainua macho polepole. Mbele yake zilikuwa zile ngazi kumi, na sasa zote zilikuwa za kupanda.