Benchi la Wakili

Nimevaa ninja, yamebaki macho tu, nisije nikajulikana. Duka langu la Darajani limekufa, na wakili wa kesi za kufilisika nimesikia ni huyu mmoja, hapa mtaa wa Malindi.

Kwenye benchi yupo mwanamke mwengine, naye kajifunika kama mimi.

"Mwenzangu, huyu wakili kweli anatuokoa sisi tuliofilisika?" ananong'ona.

Nataka kumjibu, nauona mkono wake. Kidole gumba hakina kucha. Pahala pa kucha pamepakwa hina.

Thuwaiba! Kila Ijumaa mkono huo hupokea na kutunza pesa za mchezo wetu wa kupeana, sisi wanawake wa soko zima. Kesho zamu ya kuzichukua ni yangu. Ndizo za kumlipa wakili.

"Mbona hunijibu?"

Sauti yangu anaijua.

Naifunua ninja yangu.