Kufuli la Zawena

Jumatatu, tarehe tatu Septemba, kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Mkutano wa wazazi ulipokwisha kufunguliwa kwa sala, Zawena wa darasa la saba alisimama, kufuli mkononi.

"Mwalimu, madaftari yangu yameibwa dawatini. Kesho ni mtihani wa kumaliza shule. Makabati ya wanafunzi waliyotuchongea baba zetu yako wapi?"

Wazazi wakageukia ofisi. Mlango ulikuwa wazi, na makabati yamejaa vikombe vya chai vya walimu.

"Mtoto ana kufuli, kakosa mlango tu," mzazi mmoja akatania. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu mkuu akainua mkono. "Mbele ya Mungu na ninyi wazazi, naahidi: mwakani watoto watayatumia."

"Amina," wazazi wakaitikia kwa mazoea.

Zawena akalibonyeza kufuli, likajifunga kiganjani mwake.