Mtungi wa Mwisho Ghorofa ya Tatu

“Baba, leo ukitembea vizuri tumekwisha,” binti alisema wakipanda ngazi. “Jikokote. Kohoa. Usiku kucha unapumua kama msumeno, halafu ukifika mbele za watu unajifanya shababi.”

Baba aliendelea kupanda. Fundi seremala aliyekula vumbi la mbao maisha yake yote hawezi kupanda ngazi na kujibu kwa wakati mmoja. Kliniki ya mapafu ilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa mbovu, na tangazo la kuomba radhi lilikuwa limeshapauka mlangoni pake.

Kule chini, kwenye ngazi ya kwanza kabisa, walikuwa wamempita bibi kizee aliyeegemea ukuta, midomo imebadilika rangi. Binti alimwamkia bila kusimama. Alikuwa na wake wa kumburuta.

Juu, muuguzi alieleza utaratibu. Mgonjwa anatembea kwenye korido kwa dakika sita, kutoka kitini hadi mlango wa mkurugenzi na kurudi. Anayefika mbali ni mzima. Anayeshindwa anapewa mtungi wa oksijeni aende nao nyumbani.

“Na kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima hewa?” binti aliuliza.

“Kimeisha betri. Tumeagiza.”

“Mitungi ipo mingapi?” aliuliza mama mmoja aliyekaa kwenye benchi, amejikunja juu ya fimbo fupi mno kwake.

“Umebaki mmoja.”

Mama akamgeukia fundi, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. “Ndiye huyu mgonjwa? Mbona kijana! Mwanangu, humsingizii baba yako kweli?”

Fundi alikuwa mgane wa siku nyingi. Akanyoosha mgongo.

“Baba,” binti alionya.

Mzee alikuwa ameshaondoka. Alitembea kama bwana harusi aliyechelewa. Kila alipopita benchi, mama alimpigia makofi. “Miguu hiyo! Wenzako wako wapi?” Binti alikohoa kwa nguvu kumkumbusha. Baba alimpita kama hamjui.

Muda ulipokwisha, fundi aling’ang’ania ukuta, macho yamemtoka, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto. Muuguzi alimpa mkono.

“Hongera, mzee wangu. Mapafu kama haya mtungi wa nini?”

Ikawa zamu ya mama. Alisimama kwa fimbo, akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akaugulia, kisha akajibwaga kwenye kile kile kiti alichoanzia.

“Maskini,” alisema muuguzi, akaenda kuuleta mtungi.

Binti aliteremka na baba yake, mkono wa mzee umezunguka shingo yake, na hasira zimempanda kichwani.

“Mwanamke mwizi yule! Amekuchezea mchana kweupe, na wewe unachekelea.”

“Lakini… umeona… alivyoniangalia?”

“Nyamaza, baba. Tunza pumzi. Ndiyo uliyobaki nayo.”

Nyuma yao vikasikika viatu. Mama yule aliwapita akiruka ngazi mbili mbili, mtungi begani, fimbo kwapani, wala hahemi. Binti alimkalisha baba yake papo hapo, akamfukuza yule mama hadi chini amwambie yake yote, na muuguzi ayasikie huko juu.

Alimkuta kwenye ngazi ya kwanza, amepiga magoti, anamvalisha yule bibi kizee mpira wa puani.

“Vuta, mama. Pole pole,” alikuwa akisema, huku akimrudishia fimbo yake mkononi. “Wamesema leo umetembea vibaya sana.”